Vigari vya beringi vipatiwe klabu, visichomwe moto

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua ili nichangie suala ambalo limekuwa gumzo kwenye mabaraza ya hapa mjini Mkoani, Pemba, tangu skuli zilipofungwa, nalo ni vigari vya beringi ambavyo watoto wetu huviteremsha kwenye barabara inayoshuka bandarini. Wapo wazazi wenzangu wanaotaka vigari hivyo vikamatwe na vichomwe moto, na kauli hiyo nimeisikia ikitolewa hata nje ya msikiti baada ya sala ya Alasiri, mbele ya watu wazima ambao nilitarajia wangeulizana kwanza mtoto aliyenyang'anywa kigari ataelekea wapi. Hofu yao naielewa na wala siidharau. Barabara ile inapita gari za abiria, malori yanayopanda na mizigo ya meli, na bodaboda zisizohesabika, ilhali kigari cha mtoto hakina taa wala honi, na mara nyingi breki yake ni kisigino cha mtoto mwenyewe. Hata hivyo, kuchoma moto hakutaiondoa hatari hiyo, kwa sababu beringi mbovu zimejaa kila gereji na mbao haziishi. Kigari kilichochomwa leo kitazaliwa upya kesho, safari hii kwa kificho. Ninachokiomba ni kwamba watoto hawa waundiwe klabu, yenye mteremko wake, siku zake na sheria zake.

Kwa msomaji ambaye hajawahi kukitazama kigari hiki kwa karibu, inafaa nikieleze. Ni ubao mmoja mpana, wakati mwingine miwili iliyounganishwa, ambao nyuma umepigiliwa mti uliolala kwa upana, na mbele umefungwa mti mwingine kwa boliti moja tu katikati, ili mti huo uweze kuzunguka kulia na kushoto. Ncha za mti wa mbele hufungwa kamba, na kamba hiyo ndiyo usukani. Magurudumu ni beringi zilizokwisha kazi, ambazo huvishwa kwenye ncha za miti zilizochongwa taratibu kwa kisu mpaka beringi iingie kwa kubana na isichomoke. Kijana mmoja jirani yangu, ambaye bado yuko darasa la sita, alinionesha jinsi alivyoziosha beringi zake kwa mafuta ya taa na kuzipaka girisi aliyoiomba gereji, na nilipomuuliza kwa nini mti wake wa nyuma ni mrefu kuliko wa mbele, alinijibu kwa adabu: "Babu, ukiwa mfupi nyuma, kinapinduka kwenye kona." Nimefundisha ufundi wa magari kwa sehemu kubwa ya umri wangu, na nakiri kwamba wapo wanafunzi wakubwa waliochukua muda mrefu kulifahamu jambo hilo. Mtoto huyu amelijua kwa kuanguka na kusimama.

Sasa nije kwenye historia, kwa sababu ndiyo hoja yangu kubwa. Mwezi wa Juni 1933, katika mji wa Dayton, jimbo la Ohio nchini Marekani, mpigapicha wa gazeti la Dayton Daily News aliyeitwa Myron Scott aliwakuta watoto wakishindana kwenye mteremko wa mtaani kwa vigari walivyojitengenezea wenyewe kwa makasha, mbao na magurudumu ya kuokoteza. Ulikuwa wakati wa dhiki kubwa ya uchumi, wazee wao wengi hawana kazi, na watoto walichezea kile walichokikuta kimetupwa. Scott hakuwaitia polisi. Aliwaambia warudi baada ya wiki moja pamoja na wenzao, naye ataleta zawadi, na siku hiyo wakafika watoto 19. Akalishawishi gazeti lake lidhamini mashindano ya mji mzima, na tarehe 19 Agosti mwaka huohuo wakajitokeza watoto 362 na vigari vyao, mbele ya watazamaji wanaokadiriwa kufika 40,000. Mwaka uliofuata mashindano yakawa ya taifa, na washindi wa miji 34 wakakutana hapo Dayton. Naomba, Mhariri, uitazame vizuri nafasi ya gazeti katika habari hii. Mchezo ulikuwepo tayari mtaani, kama ulivyopo kwetu. Gazeti ndilo lililoufanya uonekane kuwa ni jambo la heshima, na wenye mamlaka wakaanza kufunga barabara kwa ajili yake badala ya kuufukuza.

Mwaka 1935 mashindano yalihamishiwa Akron, mji mwingine wa jimbo hilohilo, kwa sababu ya vilima vyake. Huko ndiko yalikotokea yale ambayo wazazi wa Mkoani wanayaogopa. Kigari kimoja kiliacha njia kikamgonga Graham McNamee, mtangazaji mashuhuri wa redio ya NBC, akiwa katikati ya kutangaza. Yeyote angeweza kusema siku ile kwamba mchezo ufutwe. Walichofanya watu wa Akron ni kujenga njia maalumu ya mteremko, iliyopewa jina la Derby Downs, iliyokamilika mwaka 1936 kwa nguvukazi ya mpango wa serikali wa kuwapa kazi wasiokuwa nayo, na mpaka leo mashindano yanafanyika pale. Ajali moja iliwafanya waione sehemu iliyokuwa na kasoro, nayo ilikuwa barabara ya kawaida, wakaacha kuitumia. Sioni kwa nini akili hiyo ishindikane Pemba, kisiwa ambacho Mwenyezi Mungu amekijaalia vilima kila upande, kiasi kwamba wenzetu wa Unguja wakitaka mteremko mzuri wa kigari itawabidi wapande meli waje kwetu.

Vigari vyenye injini navyo, hivi ambavyo siku hizi tunaviona kwenye televisheni vikiendeshwa na watoto waliovaa helmeti, vina asili ya karakana. Aliyeunda cha kwanza ni Art Ingels, fundi katika kiwanda cha magari ya mashindano cha Kurtis-Kraft huko California, ambaye mwaka 1956, akisaidiwa na rafiki yake Lou Borelli, aliunganisha mabomba ya chuma akayawekea injini ndogo iliyokusudiwa kwa mashine ya kukatia majani. Hapakuwa na bodi wala mlango. Hapakuwa na shokapu, hapakuwa na difu, yaani gia za ekseli zinazoliwezesha kila gurudumu kuzunguka kwa kasi yake kwenye kona. Ekseli ya nyuma ilikuwa mti mmoja wa chuma, na magurudumu yote mawili ya nyuma huzunguka kwa pamoja. Fundi yeyote wa gereji atajiuliza gari kama hilo linapindaje kona, na jibu lake ndilo uzuri wa mchezo wote: fremu yenyewe hujipinda kidogo, gurudumu la nyuma la upande wa ndani likanyanyuka au kupungukiwa na uzito, na kigari kikageuka. Mpaka leo vigari vya mashindano ya dunia vinatengenezwa kwa msingi huohuo. Kwa hiyo mtoto aliyejifunza kupanga upana wa miti yake ya mbele na nyuma anashughulika na tatizo lilelile linalowashughulisha mabingwa.

Ingels na wenziwe walianza kukimbizana kwenye eneo la kuegeshea magari la uwanja wa Rose Bowl, Pasadena, wakaja kukatazwa kulitumia. Hawakukata tamaa. Walihamia kwenye maegesho mengine, na mnamo Disemba 1957 wakaunda chama, Go Kart Club of America, kikaandika sheria za usalama na kugawa madaraja ya mashindano kulingana na injini. Wakati huohuo wakatokea mafundi waliofungua kampuni ya Go Kart Manufacturing, wakawa wanauza vipande vya kigari ambavyo mnunuzi hujiungia mwenyewe nyumbani. Baada ya hapo mchezo ulienea kwa kasi: wanajeshi wa Marekani waliokuwa kwenye kambi za Uingereza wakaupeleka huko, Shirikisho la Kimataifa la Magari likaunda tume yake ya mchezo huu mwaka 1962, na mwaka 1964 yakafanyika mashindano ya kwanza ya ubingwa wa dunia huko Roma, ambayo alishinda Guido Sala wa Italia. Kutoka kwenye maegesho ya magari mpaka ubingwa wa dunia haikupita hata miaka 10, na hatua iliyobeba nyingine zote ni ile ya mwaka 1957, watu walipokaa chini wakaandika sheria.

Mfano ninaoupenda kuliko yote unatoka Ujerumani, kwenye mji mdogo wa Kerpen. Mwashi mmoja, Rolf Schumacher, alikifunga injini ndogo ya pikipiki kigari cha pedeli cha mwanawe mwenye umri wa miaka minne. Mtoto akakiendesha mtaani, akagonga nguzo ya taa. Wazazi wake hawakukichoma kigari. Walimpeleka kwenye njia ya klabu ya vigari vya injini iliyokuwa karibu na mji wao, akawa miongoni mwa wanachama wadogo kabisa pale. Baadaye baba yake akawa anafanya kazi kwenye njia hiyohiyo, mama akawa kwenye kantini yake, na vifaa vya mtoto vikawa vinapatikana kwa kuunganisha mabaki ya vifaa vya wengine na kwa msaada wa watu wa pale waliomwonea imani. Mtoto huyo ni Michael Schumacher, ambaye alikuja kuwa bingwa wa dunia wa Formula One mara saba. Simwambii mzazi yeyote wa Mkoani kwamba mwanawe atakuwa Schumacher. Namwomba aitazame ile nguzo ya taa, kwa sababu hapo ndipo tulipo sisi hivi sasa, na aone wazazi wale walichofanya siku ya pili yake.

Klabu haina maana ikiwa ni jina na bango tu. Inahitaji sheria na inahitaji mtu mzima mwenye moyo mgumu wa kuzisimamia. Kule Akron, mwaka 1973, kijana wa miaka 14 aliyetawazwa kuwa bingwa alivuliwa ushindi siku mbili baadaye, baada ya wakaguzi kugundua kwamba puani mwa kigari chake mlifichwa sumaku ya umeme, ambayo ilikivuta mbele mara tu lango la chuma la kuanzia lilipoangushwa. Na aliyemsaidia kwenye udanganyifu huo alikuwa jamaa yake mtu mzima. Jambo hilo liliuumiza sana mchezo ule. Nalitaja kwa sababu najua hapa kwetu zawadi ikishatangazwa, wazee na kaka wakubwa ndio watakaokaa usiku kucha wakitengeneza, na mtoto atabaki kuwa abiria. Sheria ya kwanza ya klabu yetu iwe kwamba kigari kitengenezwe na mtoto mwenyewe, mkubwa amsaidie kwa maelezo na kwa kazi za hatari kama kutoboa chuma tu, na kila kigari kikaguliwe kabla ya kuteremka. Breki ya mpira wa tairi inayokandamiza ardhi kwa kanyagio la mbao iwe lazima. Anayekuja na breki ya kisigino arudi nyumbani akatengeneze, hata kama ni mtoto wa mwenyekiti.

Kuhusu fedha sina mengi, kwa kuwa mchezo huu hauna gharama ya kutisha. Beringi ni za kuomba, mbao ni za mabaki ya maseremala, na matairi ya zamani ya kuzingira njia yapo kila gereji. Helmeti ndizo zitakazohitaji mfadhili, na ningeshauri wafadhili wawe wengi na wadogo kuliko mmoja mkubwa, kwani mashindano ya Akron yalitegemea kampuni ya Chevrolet kwa miaka mingi, na ilipojitoa mwaka 1972 nusura yaanguke.

Wapo watakaosema kwamba mambo haya ni ya Wamarekani na Wajerumani. Mimi naona kinyume chake, kwamba sisi tunayo mazoea ya mashindano yenye nidhamu kuliko tunavyojisifu. Katika resi za ngalawa hakuna anayeuliza kama bahari ni hatari. Inajulikana kuwa ni hatari, na ndiyo maana huangaliwa upepo na maji, hupangwa pa kuanzia na pa kumalizia, na nahodha ambaye chombo chake kinavuja haruhusiwi kuingia. Vigari vya beringi vinahitaji utaratibu wa namna hiyohiyo kwa nchi kavu. Barabara ya bandarini iachwe kabisa. Zipo njia za ndani za vijijini zenye mteremko, ambazo hazipitiwi na gari za abiria na ambazo masheha wakikubaliana na polisi zinaweza kufungwa kwa saa mbili za asubuhi ya Jumapili, zikawekwa matairi kwenye kona na majani makavu au magunia ya makumbi mwishoni, mahali ambapo kigari kinatakiwa kusimama.

Baadaye, vijana wakishakua na klabu ikishajijenga, ndipo lije suala la injini, na hapo ningependa Kituo cha Mafunzo ya Amali cha Vitongoji kishirikishwe, kwa sababu vijana wanaojifunza uchomeaji na ufundi wa magari wanaweza kuunda fremu moja ya mabomba na kuifunga injini ya bodaboda iliyotolewa kwenye pikipiki iliyoharibika. Injini za cc 125 ndizo zinazotumika hata kwenye daraja la vigari vya gia vya mashindano ya kimataifa, ingawa zile zimetengenezwa kwa kasi kubwa mno na hazifanani na za bodaboda zetu isipokuwa kwa ujazo. Lakini nasisitiza kwamba hilo ni la baadaye. Mteremko na breki vije kwanza. Mtoto akipewa injini kabla ya kujua kusimama, tutakuwa tumewapa haki wale wanaotaka moto.

Nazungumzia pia watoto wa kike, kwa kuwa katika mazungumzo yote ya mabarazani sijasikia hata mara moja wakitajwa, ilhali nimewaona kwa macho yangu wakiteremka, tena kwa ustadi, pale wanapodhani hakuna mkubwa anayewatazama. Huko Marekani waliruhusiwa kushindana mwaka 1971, baada ya karibu miaka 40 ya kubaki watazamaji, na mwaka 1975 msichana, Karren Stead, akawa bingwa wa taifa. Sisi hatuna sababu ya kungoja miaka 40. Waingie tangu siku ya kwanza, kwa mavazi ya stara yasiyonasa kwenye magurudumu, na wapangiwe zamu yao ikiwa wazazi wao watapenda iwe hivyo. Vilevile pasiwepo na kiingilio kinachogeuka kuwa zawadi, wala watu wazima kuwekeana fedha pembeni, kwa sababu kamari ikishaingia mchezo utakuwa haramu na mimi nitakuwa wa kwanza kuondoka.

Lipo jambo moja zaidi ambalo watu wengi wataliona dogo, nami naliona kubwa, nalo ni daftari. Tunaifahamu historia ya Dayton na ya Akron kwa sababu waliandika: nani alifika, nani alishinda, nini kilivunjika, sheria ipi ilibadilishwa na kwa nini. Vigari vya beringi vimeteremka kwenye vilima vya Pemba tangu zamani, na wazee wengi wanaotaka vichomwe leo walivipanda wenyewe walipokuwa wadogo, lakini hakuna hata karatasi moja inayoonesha nani alikuwa fundi wa kuchonga miti iliyonyooka, wala mteremko upi ulisifika. Klabu ikianza, iteue karani wake miongoni mwa wanafunzi wa sekondari, aandike kila siku ya mashindano, na daftari likijaa nakala yake ipelekwe skuli. Mzee mwenye picha ya zamani ya kigari, au anayekumbuka namna vilivyokuwa kabla ya beringi kupatikana kwa urahisi, na aje azungumze na karani huyo angali na nguvu zake.

Mhariri, gazeti la Dayton lilimtuma mpigapicha, akarudi na mashindano. Nakuomba umtume mwandishi wako mmoja aje Mkoani, asiandike habari ya ajali inayongojewa itokee, bali awaketishe watoto hawa awaulize wanavyotengeneza vigari vyao, na awaulize maofisa wa michezo na wa usalama barabarani ni njia ipi wanayoweza kutufungia kwa saa mbili. Mimi na mafundi wenzangu wawili tuko tayari kukagua breki bila malipo. Sheha ametukubalia kukutana na wazazi kwenye baraza ya ofisi yake mara baada ya skuli kufunguliwa, na wale wanaotaka vigari vichomwe ndio ninaowaomba zaidi wahudhurie, kwa sababu wao ndio walioiona hatari mapema, na klabu itawahitaji kwenye kamati yake ya usalama.

Wako katika ujenzi wa michezo,

Fundi na mwalimu mstaafu wa amali,
Mkoani, Pemba